Lawama Hewa

Ilikuja usiku wa kuamkia Jumatatu, saa tisa kasoro robo:
nyota moja na maneno kumi na mawili, nimeyahesabu.
"Ofisi ya matapeli. Wamekula hela yangu. Mama hajui hesabu hata ya nyanya."
Aliyeandika anajiita Mteja Mkweli.
Hana sura. Ana picha ya waridi.

Miaka kumi na tisa niko Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli,
nawafungia hesabu watu wa mkonge, wa chokaa, wa mikate.
Risiti hewa naijua kwa harufu.
Nimekutana na wafanyakazi hewa wenye posho ya likizo,
na lori hewa lililokunywa dizeli ya kweli.
Leo nimeletewa mteja hewa,
na lawama yake bado mbichi.

Basi nikavaa miwani, nikakagua.

Anasema alikuja tarehe ishirini na moja.
Siku hiyo ilikuwa Idi. Mlango ulikuwa na kufuli,
nami nilikuwa Makorora nikigombana na sufuria ya pilau.
Anasema alipokelewa vibaya na "yule kijana wa mapokezi".
Kijana wa mapokezi ni Bi Mwanaidi, miaka sitini na miwili.
Anasema alilipa taslimu laki nne.
Kitabu cha stakabadhi hiki hapa. Kaboni haina soni,
inanakili yote. Laki nne haimo.

Nikaandika jibu. La kwanza lilikuwa na matusi ya bibi yangu,
ya Kidigo, yale ya kisimani. Nikalifuta.
La pili lilikuwa refu kama rufaa.
La tatu: "Hatukuoni vitabuni mwetu. Njoo na stakabadhi,
tufungue jalada mbele yako. Chai ipo."
Nikaliacha hilo. Hajaja.

Kufikia Alhamisi walikuwa tisa, wote waridi,
wote wamekosea neno lile lile: "huduma mbovo".
Tanga, wanasema, waja leo waondoka leo.
Hawa hawakuja,
na hawaondoki.

Mzee Kihiyo wa mikate akapiga simu.
"Mwanangu kaona kwenye simu yake. Si kwamba naamini.
Ila mahesabu ya mwaka huu, tungoje kidogo."
Hiyo "ila" ndiyo hasara, na leja haina mstari wake.

Jirani wa ng'ambo, mwenye bango jipya la taa,
ananisalimu kwa uchangamfu tangu Jumanne.
Dhana haiingii leja.
Niliiandika kwa penseli, nikaifuta.

Ijumaa akaja kijana na kompyuta begani.
"Nyota tano, watu hamsini, elfu themanini tu.
Na majina ya huku huku, Mama: Singano, Semboja, Mhina."
Nikacheka, nikamwonyesha ngazi.
Kicheko kilikatika nilipobaki peke yangu,

maana mkaguzi akishaanza hachagui ukurasa.
Miaka sita nyuma, sina hata sifa moja,
nilimwomba mpwa wangu Hemedi na wenzake wa bwenini
waniandikie. Wanne. Nyota ishirini.
"Mama huyu kaikomboa biashara yangu," aliandika Hemedi,
ambaye biashara yake ilikuwa kukopa nauli.
Nimezisoma sifa hizo mpaka nikaziamini.

"Zifuteni."
"Shangazi, wakati huu?"
"Wakati huu."

Wastani ukashuka, tatu nukta mbili
hadi mbili nukta saba tano.
Nimeupiga kwa mkono, mara mbili.
Wamebaki saba wangu wa kweli, na mmoja wao
amelalamikia ngazi.

Bi Mwanaidi ameuliza jalada jipya aliweke wapi.
Kabati la pili, nimemwambia, herufi M.
Jina: Mteja Mkweli. Ndani mna karatasi moja tupu
na tarehe ya Idi.
Sijalifunga.