Mistari Mitatu

Fomu ya chuo inauliza:
Kwa nini unataka kuwa mshauri nasaha?
Wameniachia mistari mitatu.
Mitatu! Mimi niliyepima mizigo ya watu
miaka kumi na mmoja, stesheni ya Tabora,
pale reli inapoachana,
huyu Kigoma, huyu Mwanza, huyu Mpanda,
na wote wamejilaza sakafuni wakiota honi.

Nikaandika: Napenda kusaidia watu.
Nikafuta.
Hata muuza karanga anapenda kusaidia watu.

Ngoja niandike kwanza huku, nyuma ya risiti.

Ilikuwa Februari. Maji yamekula reli huko Kilosa,
treni haijulikani itafika lini.
Akaja baba mmoja wa Usoke, Lufungulo,
na begi la shule, zipu imeshikwa kwa pini.
Begi dogo vile halipimwi.
Akasema, lipime.
Kilo tatu na robo.
Akauliza, "Basi? Nguo zote za mwanangu?"
Nyuma yake, njia ya kutoka hospitali ya Kitete.
Nami, mdomo mwepesi kuliko pamba,
nikamwambia, "Kazi ya Mungu haina makosa."

Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Akachukua begi, akaenda kukaa karibu na choo,
ambako hakuna wa kumfariji.

Tangu siku ile najifunza kunyamaza.
Ni kazi, jamani.
Alipokuja Nshoma wa Urambo na macho mekundu
nilihesabu bolti za mizani nisije nikasema neno.
Kufika ya tisa, akaanza yeye.
Alichosema hakimo humu.

Dada yangu Kabula amecheka mpaka kanga ikamdondoka:
"Wewe? Wewe uliyeitangaza mimba yangu
kabla mwenyewe sijaizoea?"
Kweli. Sina la kujitetea.
Mume wangu naye, akimenya muhogo:
"Kwa hiyo watakulipa kwa kunyamaza?
Anzia hapa nyumbani, bure."

Lakini mimi nimeitazama mizani.
Haikwambii, punguza.
Haikubebei mzigo mpaka Usoke.
Inatikisika kwanza, nayo, kama imeshtuka,
kisha inatulia, inakusomea ulichonacho.
Na kila Jumatatu fundi huja kuirudisha sifuri,
kwani mizani yenye vumbi la jana
humwibia abiria wa leo.

Nami nina vumbi langu.
Kitete, wodi ileile, miaka tisa.
Alikuwa wa kwanza. Alikuwa na jina.
Sijalitamka mbele ya mtu tangu mazishi,
hata kwa huyu amenyaye muhogo.
Labda ndiyo maana nilimharakisha yule baba,
nikamfungia mlango kwa jina la Mungu
ili nisisikie kilichokuwa ndani ya begi.

Sasa hao wa chuo, sijui kama wanafundisha hili:
kwamba kabla sijapanga viti viwili vitazamane
lazima nikae kile cha pili,
nilie kwa zamu yangu.

Honi. Ya Mpanda hiyo, imechelewa saa nne tu.
Watu wanakunja mikeka.
Nimerudi kwenye fomu, nimeandika:
Begi lilikuwa na kilo tatu na robo.

Mistari miwili iliyobaki nimeiacha.
Atakayeisoma,
huenda naye ana la kusema.