Kinu Kiliungua Lini

Januari, saa tatu asubuhi, na nje bado giza.
Watoto kumi na wawili wamevua viatu vya theluji mlangoni,
wameketi na soksi za sufu, kila wawili kompyuta moja,
nami nimeandika ubaoni swali moja tu:
Kinu cha upepo cha kijiji chetu kiliungua mwaka gani?

Chaki sijaiweka chini, Taavet ameshapaza sauti:
"Elfu moja mia tisa kumi na tatu!"
Kaur naye: "Kumi na tatu!" Mirjam: "Hata huku!"
Tovuti ya watalii, tovuti ya mapishi ya mkate mweusi,
tovuti ya bwana mmoja wa Tartu anayekusanya picha za vinu,
zote zinalia mlio mmoja
kama vifaranga wa kuku mmoja.

Nikasema: hesabuni tena. Si tovuti, mashahidi.
Someni sentensi nzima, msidokoe tarakimu.
Wakasoma. Mirjam akakunja uso:
"Maneno ni yale yale, mwalimu.
Hata koma imekosewa pale pale."
Basi, nikasema, nakala tisa si watu tisa.
Ni mtu mmoja katika chumba cha vioo.

Nilijiona hodari kwa msemo huo.

Leelo hakuwa amejibu kitu.
Leelo husoma kwa kidole, neno kwa neno,
kama mtu achambuaye mchele;
wenzake wakifika mwisho wa ukurasa
yeye yumo katika mstari wa pili,
amerudia punje aliyoitilia shaka.
Alikuwa ndani ya hifadhi ya magazeti ya kale,
kurasa zilizopigwa picha pamoja na madoa yake,
herufi zenye pembe na mikia,
S inayojifanya F.

"Hapa," akasema, kama anayeomba radhi,
"gazeti la mwaka ishirini na nne. Kuna tangazo.
Kinu chetu kinasaga shayiri kila Jumanne.
Kinasagaje, mwalimu,
na kimekuwa majivu miaka kumi na mmoja?"

Bomba la joto ukutani liliguguma. Hakuna mwingine aliyesema.

Tukafuata viungo kinyumenyume,
kama nyayo kwenye theluji:
kutoka kwenye mapishi hadi kwa watalii,
kwa watalii hadi kwa yule bwana wa Tartu,
kwake hadi ukurasa mmoja wa manjano
wa sikukuu ya miaka mia ya shule yetu wenyewe,
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
Imeandikwa na Virve, darasa la sita.

Kaur akageuka.
"Mwalimu, Virve si wewe?"

Ni mimi.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili, barafu ya ziwani ikiniita,
nikinakili karatasi ya parokia jicho moja dirishani.
Thelathini na moja: tatu na moja
zikabadilishana viti kidoleni mwangu,
na hakuna aliyeniuliza.
Kikulacho ki nguoni mwako, wasemavyo,
na nguo hii niliishona mwenyewe.

Taavet, mwana wa mbio, akaweka kidole kwenye kioo,
akaanza kusoma taratibu magazeti ya mwaka thelathini na moja.
Ilimchukua siku mbili. Moto ulikuwa mwezi wa Agosti.

Mwaka wangu hatukuufuta. Tuliupiga mstari, uonekane,
na kando yake Leelo akaandika wa kweli,
na ukurasa alikoukuta.

Usiku ule niliziandikia tovuti zote.
Mbili zilisahihisha. Sita zimenyamaza hadi leo.
Bwana wa Tartu alijibu, kwa ukali kidogo:
"Mwaka wangu, bibi, una mashahidi wanane.
Wako una nani?"

Nikamjibu: ana miaka kumi.
Anasoma kwa kidole.