Hakikidhi Vigezo

Jumanne, saa nne usiku, Hilltown, Dundee.
Nimetoka kukunja mashuka ya hospitali,
nafungua kompyuta niandike hesabu za chama cha maziko,
nayo inaniandikia mimi:
Kifaa hiki hakikidhi vigezo.

Hodi sijapiga, jibu nimeshapewa.

Msemo huo naujua. Tumeonana
kwenye barua za bahasha ya kahawia,
kwenye fomu za nyumba, kwenye kaunta ya benki.
Leo umehamia mezani kwangu, kando ya bakuli la uji,
na safari hii haambiwi mtu, inaambiwa mashine
ya miaka tisa, bawaba imeshikwa na gundi,
herufi M imefutika
kwa kuandika "marehemu."

Kosa lake nini? Haijazimika. Haijachelewa kazini.
Kilichotosha jana, kuanzia Oktoba hakitoshi.
Eti nunua mpya.
Kipya kinyemi, sawa,
lakini pauni mia sita ndicho kidonda chenyewe.

Mwanangu Nasoro, yuko chuoni Aberdeen, ni mfuasi wa tufaha.
Tufaha limeshang'atwa, namwambia,
na wewe umelilipia bei ya bustani.
Anacheka. "Baba, vyangu vinaelewana,
simu, saa, kompyuta. Havigombani kama nyinyi chamani."
Kweli vinaelewana.
Ila betri imegandishwa ndani kama siri ya ukoo,
na siku ukitaka kuhama
utaona picha zako zinavyong'ang'ania mlango.

Na hawa wa madirisha?
Dirisha nilidhani ni la kuingiza hewa.
Langu linaingiza matangazo ya viatu,
mvua ya mji nisioujua,
na msaidizi ambaye hakuna aliyemwita
anauliza anisaidie nini.
Nisaidie kunyamaza.
Na kujisasisha, huchagua saa gani?
Dakika tatu kabla ya kikao. Asilimia thelathini. Usizime.
Vitone vinazunguka, vinazunguka,
kama mtu aliyesahau alichokifuata jikoni.

Alhamisi nikamsimulia Moira Geddes, mlango wa pili,
pale ngazini, mifuko ya taka mikononi.
Moira alipokuwa msichana, kiwanda cha saa cha mji huu
kiliunda kompyuta ndogo nyeusi, vibonye vya mpira,
zikilishwa kwa kaseti.
Yeye alikaa mwisho wa mstari, akizijaribu moja moja.
"Zilizopita kwangu zote zilikidhi vigezo," akasema.
"Vigezo vilikuwa mimi."

Akaja na flashi ndani ya soksi,
na ndani ya flashi, pengwini.
"Huu mfumo ni wa bure," akasema.
Mimi vya bure naviogopa, huja na bili mgongoni.
"Bili ipo," akasema. "Subira."

Tukailipa. Printa iligoma siku mbili.
Sauti inatoka upande wa kushoto tu, mpaka leo.
Nasoro alipoona picha ya skrini
alisema inafanana na ofisi ya posta.
Na ifanane. Posta hainiulizi umri wa meza yangu.
Inawaka kabla maji hayajachemka,
na haijaniuzia kiatu hata kimoja.

Usiache mbachao kwa msala upitao, nilimwambia Moira,
nikajaribu kumfasiria: mkeka, sala, kupita.
Alishika mkeka tu. Akasema mama yake alikuwa nao.

Kisha tukafungua faili la chama, kuhakikisha.
Miaka yote ilikuwemo, safu kwa safu,
majina, tarehe, nani alichanga, nani bado.
Moira akavaa miwani, akasogeza kidole kwenye kioo,
kwenye neno lile linalotangulia kila jina.
"Ukoo mkubwa huu," akasema.

Mkubwa, nikamjibu.
Nikabonyeza pale ambapo M ilikuwa.