Waziri Mwenye Jongo

Ya kwanza niliipata sokoni Tukuyu
ikifungia njegere za mia tano:
waziri wa Uingereza, tumbo kama debe,
mguu wa jongo umelazwa juu ya mto,
na wembamba wanne wamebeba kiti.
Nikamwambia mama: njegere baki nazo,
nipe karatasi.

Sasa ninazo kumi na moja.
Rangi zilitiwa kwa mkono,
wino umedumu kuliko ahadi za aliyechorwa.
Adui ni mvua. Huku hunyesha hata ndani ya sanduku,
basi nazihifadhi darini, juu ya jiko,
pamoja na mbegu za mahindi.
Atuganile hunung'unika:
"Wazungu wako wanaota moto wetu."

Waziri pekee yuko ukutani.

Juzi diwani alikuja kuomba kura.
Akamwona, akacheka mpaka akashika mlango.
Kisha kicheko kikaanza kupungua.
Akatazama tumbo.
Akatazama mguu.
"Nani amekutuma unichore?"
"Mheshimiwa, huyu kafa zamani, miaka mia mbili."
Akauliza bei.
Sikumuuliza kama ni ya kutundika
au ya kuwashia mkaa.

Haiuzwi, nikasema.
Tangu siku hiyo hupita kila Ijumaa,
hukohoa dirishani,
huchungulia kama bado yupo.