Mfunua Kurasa

Kazi yangu ni ndogo: nafunua kurasa.
Nasimama kushoto kwa Bi. Thirza Oldershaw,
nangoja kidevu chake kishuke,
kisha nafunua kwa ncha ya kidole,
kama mtu amfunikaye mtoto aliyelala.

Holmesey ni tambarare tupu,
viazisukari hadi mwisho wa macho,
na ukungu wa Novemba hutangulia waumini kanisani.
Majilio yalitukuta saba kwenye kwaya.
Padre Ambler akavaa zambarau, tukaacha kuimba Utukufu,
mshumaa wa kwanza ukawaka peke yake
kama nyumba moja yenye mtu.
Bwana Dowse, besi wetu wa pekee,
alinguruma kama trekta lililokwama topeni,
ila alikwama kwenye sauti sahihi.

Usiku wa Noeli taa zilizimwa
Corwin aanzishe ubeti wa kwanza bila kinanda.
Miaka kumi na mitatu; sauti ikamvunjikia njiani.
Bi. Thirza akamtilia noti moja chini, nyembamba,
kama mkono kwapani mwa mtu anayeteleza barafuni.
Akavuka.
Nikasema moyoni: mama huyu anaona gizani.
Sikujua nimesema nini.

Januari boila ilikufa. Epifania tuliiimba na makoti,
pumzi zikipanda, ubani wa maskini.

Kisha majivu. Watoto waliandika Aleluya kwenye karatasi,
wakaifungia katika kopo la biskuti,
tukalificha chini ya ngazi ya mnara
lisisikike hadi Pasaka.
Ilikuwa Jumapili ya tatu ya Kwaresima
kitabu kilipoanguka.
Nilikiokota kwa pupa, nikakirudisha,
zaburi haikusita, kidevu kikashuka, nikafunua,
ndipo nikaona nimekiweka kichwa chini.
Noti zilining'inia kama popo.
Kidevu kikashuka tena, kwa wakati wake.
Nikafunua tena.

Hatukusemezana hadi langoni.
Alikuwa akihesabu hatua kwa midomo.
"Wakijua," akasema, uso ameuelekeza
alipokuwa akilia ndege, "watanunua mashine."
Nikamwambia mazoezi ni kesho, saa moja.

Alhamisi Kuu madhabahu ilivuliwa hadi ubao,
kinanda kikafungwa kwa ufunguo.
Siku mbili waliimba njiwa wa mnarani tu.
Mkesha ulikuja na upepo; moto uligoma mara tatu,
ukakubali gazeti la Dowse, ukurasa wa bei za ngano.
Mwali ukaingia, ukagawanywa mshumaa kwa mshumaa,
ukapanda roshani hadi kwetu.
Nikamtia wake mkononi.
"Unawaka?" akanong'ona.
"Unawaka."
Kopo la biskuti likafunguliwa,
naye akavuta vifundo vyote vya kinanda,
hata ile tarumbeta mbovu iliyokatazwa na fundi,
vumbi la miaka likatunyeshea vichwani.

Sasa ni Utatu, Jumapili ya kumi na kitu,
msimu mrefu wa kijani, hakuna linalotokea.
Corwin amehamia besi. Dowse amelala kwenye mahubiri.
Nyuki amepotea njia karibu na kikombe.
Kitabu kiko mbele yetu, wima,
wimbo wenyewe, ukurasa wenyewe;
nimekikagua mara mbili.
Kidevu kinashuka.