Kikombe Cha

Mvua ya Rungwe haiulizi ni mwezi gani.
Ilinyesha siku aliyopanga chumba kwetu
Bwana Ouyang, mpima barabara.
Kabla hajafungua begi la nguo
alifungua kijisanduku: birika la udongo
la kutosha kiganja,
na vikombe vitatu, mfano wa vifuniko.
Watoto wa jirani wakambatiza Mwayangi.
Akaitika.
Mama akainua kikombe kwenye mwanga:
"Hiki ni cha kumnywesha kuku dawa."

Mama, Subilaga,
miaka thelathini na mmoja kapu mgongoni,
vidole vimeiva weusi kwa utomvu:
majani mawili na chipukizi,
majani mawili na chipukizi.
Mimi ni karani wa mizani pale bandani.
Naandika kilo zake kama za mtu baki,
natoa mbili za unyevu.
Saa kumi lori linaondoka.
Kwetu hurudi vumbi, ndani ya pakiti
yenye picha ya mlima usio wetu.

Jumapili mgeni aliomba konzi ya majani.
Akayanyausha kwenye ungo,
akayakaanga kwenye kikaango cha chapati,
mkono mtupu motoni, hataki mwiko,
kisha akayaviringisha mkekani, taratibu,
kama anayechua tumbo la mtoto.
Kiswahili chake kikichechemea akasimulia:
kwao Fujian kuna chai ya majabali,
inanukia jiwe lililolowa;
kuna nyeupe, ya vichipukizi vyenye manyoya;
na huko Yunnan kuna inayogandamizwa kama sabuni
ikalazwa kabatini hata mjukuu aoe.
"Na panya?" mama akauliza.

Maji ya kwanza aliyamwaga.
Mama alishika kifua.
"Hayo ni ya kuyaamsha," akasema Mwayangi,
akammiminia ya pili, rangi ya jua la saa moja.
Hakuna sukari, hakuna maziwa,
hata kipande cha gimbi pembeni.
"Chai kavu," mama alisema. "Chai ya matanga."
Ya tatu.
Ya nne, majani yaleyale.
Ya tano mama akanyamaza,
na kimya kile nakijua.

Mwaka baba alipofuata dhahabu Chunya
asirudishe hata salamu,
vumbi moja lilitulisha siku tatu.
Mama aliyaanika masalia juu ya bati,
usiku, komeo limeshuka, akayachemsha tena,
jirani asije akaona
jinsi maji yalivyopauka.

Kumbe kuna nchi ambako hii ni heshima.
Kumbe kuna watu wazima, wenye viatu,
wanaokaa wakahesabu ya tano, ya sita,
wakasema: sasa jani linasema kweli.

Ya saba mama alimimina mwenyewe.
Akampa mgeni kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo.
Mgeni akagonga meza kwa vidole viwili,
mara mbili. Ndiyo asante ya kwao.
"Ndaga," mama akamjibu,
kana kwamba alikuwa amebisha hodi.

"Kwetu ni *cha* tu," alituambia akifuta birika.
Usiku ule nililigeuza neno mdomoni.
Kwetu *cha* haisimami peke yake:
kikombe cha, kituo cha, kitabu cha,
hubaki mlangoni ikimuulizia mwenyewe.
Lakini ni neno la alfajiri pia: kunakucha.
Na ni la mwenye kicho.

Jumatatu, foleni, matope, mizani.
Kapu la mama: kilo kumi na tisa.
Nikaandika kumi na tisa.
Unyevu ni wake.
Msimamizi alikuwa akitazama lori.
Kwenye pindo la kitenge chake, mama,
palikuwa na fundo la ukubwa wa konzi,
kijani kikichungulia.

Hilo sikulipima.