Kisigino Kwanza

Bugumba aliyamwaga mapezi yote sakafuni,
jozi saba, kutoka kwenye kiroba cha mkaa,
katika stoo yake ya Nyakato inayonuka raba na dagaa.
"Chagua," akasema, "bei tutaongea."
Najua maana yake: bei ameshaipanga.

Nikavua viatu. Sikuona haya.
Magaga yangu nimeyalipia,
miaka sita ya kushona nyavu za vizimba
mita tisa chini, mbele ya Igombe,
ambako sato wanazunguka, wanazunguka,
kama watu waliosahau walichofuata.

Ya kwanza marefu, meusi, magumu kama ubao wa mtumbwi.
"Haya ndiyo ya nguvu. Teke moja, uko Ukerewe."
Nikayapindisha kwa goti. Yakakataa.
Nikamkumbuka Lutonja.

Lutonja alinunua ya namna hiyo mwaka juzi,
akapita nayo mwaloni kayabeba begani kama bunduki.
Siku ile mkondo ulikuja kimyakimya.
Mkondo wa ziwa haubishi hodi:
unaona tu tope limelala upande,
magugu juu yanahama kama wapangaji,
na kamba uliyoishika inaanza kukuaga.
Akapiga teke. La pili. La kumi.
La ishirini kigimbi kikakaza, kikawa jiwe.
Mapezi yalikuwa bado na nguvu,
mguu ndio uliokwisha.
Tulimvuta kwa kamba, analia ndani ya miwani,
na machozi ndani ya miwani hayana pa kwenda.

Basi, Bugumba, usinipimie nguvu kwa urefu.

Ya pili manjano, laini, mepesi,
yanakubali kila kitu kama mjumbe aliyelipwa posho:
ukipiga teke yanajikunja, maji yanapita zake.
Ya tatu yalinibana dole gumba.
Ya nne yalipwaya,
na kinachopwaya dukani, majini kinachubua,
kinakuachia lengelenge,
kisha kinakuacha wewe.

Nikatoa mkobani viatu vyangu vya raba,
vile vilivyozibwa kwa kiraka cha tairi,
nikavivaa, maana mapezi hayavaliwi na mguu wa dukani,
yanavaliwa na mguu wa kazini.
Nikachomeka jozi ambayo hakuna aliyeitazama:
mafupi, mapana,
magumu katikati, yanalegea pembeni,
mkanda wa springi nyuma, hauna kifungo cha kukatika.
Moja la bluu. Moja la kijivu.

Nikalala kifudifudi juu ya magunia ya chakula cha samaki,
nikapiga mateke hewani.
Bugumba akacheka mpaka akashika mlango.
Mtoto wa jirani akaja, akaita wenzake.
Nikahesabu mpaka mia mbili, taratibu, kutoka nyongani,
nikisikiliza:
kisigino kimya, unyayo kimya,
kigimbi kinanung'unika kidogo tu, kama mama mkwe aliyeridhika.

"Rangi hazifanani," akasema, sasa anataka kupunguza mwenyewe.
"Sato hawaendi harusini," nikasema.
Elfu tisini. Nikampa sabini na tano.

Jumamosi, kizimba namba nne, wavu umechanika
upana wa mlango, na samaki wameanza kuona njia.
Mkondo ukaja.
Tope likalala upande.
Nikaingiza sindano, nikavuta uzi, nikapiga teke,
uzi, teke, fundo, teke,
miguu ikifanya kazi yake bila kuniuliza.
Sikufika Ukerewe.
Sikusogea hata mkono mmoja.
Robo saa nzima nilibaki pale pale mbele ya lile tundu,
nalo likazidi kuwa dogo.

Nguvu niliyoinunua ni hiyo, ya kubaki.

Bugumba bado ananidai elfu kumi na tano.
Akija Igombe kuniulizia,
mwambieni nipo,
ila nipo chini.